Kwa Mwendo wa Aliye Nyuma

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki nzima Yakobo amenikaa rohoni. Mwanzo 33. Esau amekwisha kumkumbatia ndugu yake, wamelia, sasa anataka waongozane, yeye na watu wake 400. Yakobo anakataa kwa adabu. Watoto hawana nguvu, anasema, na mifugo inanyonyesha. Wakiharakishwa siku moja tu, kundi lote litakufa. Tangulia, bwana wangu. Mimi nitakuja polepole, kwa mwendo wa hawa.

Neno hili limenilemea kwa sababu kiangazi cha Tabora kimekolea, na wastaafu wetu waliong'oa viti vya Hiace na kuweka kitanda wanafunga mizigo. Wengine watashika Sikonge na Inyonga hadi Katavi, wengine watazungukia Uvinza. Ni jambo jema. Mtu aliyetumikia reli, au chaki, au zahanati mpaka nywele zikawa nyeupe, ana haki ya kuamka porini na mwenziwe wakachemsha chai bila kuwahi kengele ya mtu. Ila orodha za maandalizi zinazopita mikononi mwetu zina tairi, jeki, betri na turubali, basi. Joto, maji na mwendo wa miguu havimo. Mke yumo garini kama abiria.

Mtaniambia huku kwetu si jangwa, ni miombo. Kweli. Lakini Septemba na Oktoba mito yetu mingi ni mchanga mtupu, na mwili wa miaka 65 hautofautishi jangwa la Sini, walilopita Waisraeli, na pori la Inyonga. Wastaafu wa Marekani, walio na magari yenye jiko na choo ndani, hulikimbilia jangwa la Arizona majira ya baridi, na joto likianza kupanda wanaondoka. Pale Grand Canyon, bonde lenye kina kirefu la huko huko Arizona, askari wa hifadhi huwasihi wageni wa kiangazi wasitembee kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Bonde lile lina mtego wake: unaanza kwa kuteremka ukiwa na nguvu, unamalizia kwa kupanda jua likiwa utosini. Kwetu ondokeni saa 12 alfajiri, na saa 4 iwakute kivulini.

Sasa maji. Mana iliokotwa pishi moja kwa kila kichwa, ikapimwa, na hakuna aliyeona kipimo kile kuwa upungufu wa imani. Pimeni hivyo hivyo. Siku ya kutembea, kila mtu lita 4 za kunywa na lita 3 za kupika na kunawa. Wawili kwa siku tatu ni lita 42. Ongezeni siku moja ya akiba, lita 14, jumla 56. Hayo ni madumu matatu ya lita 20, karibu kilo 60, kwa hiyo yakae sakafuni katikati ya gari na yafungwe kwa mkanda. Yakiwekwa juu ya paa, gari litayumba kwenye kona. Msitie yote kwenye pipa moja, maana ufa mmoja unamaliza kila kitu. Na kwa sababu sisi ni watu wa tumbaku, nasema wazi: dumu lililowahi kubeba dawa ya shambani halifai kwa maji ya kunywa hata lioshwe mara saba kama Naamani.

Matembezi ya muda wa saa tatu yanataka lita 3 kila mtu: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja isiyoguswa. Lita ya kwanza ya mmoja wenu ikiisha, wote wawili mnageuka, hata kama chupa ya mwenzake bado nusu. Msingoje kiu. Uzeeni kiu huchelewa, mwili umekwisha kukauka ndipo koo linalalamika. Kunyweni mafunda machache kila robo saa, mkiangalia saa. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, mmechelewa. Wanaotumia vidonge vya presha vile vinavyokojolesha wamwone daktari kabla ya safari, wala wasiviache kwa uamuzi wao. Jasho likiwa jingi, maji matupu hayatoshi, maana chumvi imetoka pia: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi hapo inadhuru.

Nilitaka kuendelea na kupiga kambi, lakini kuna jambo sitaweza kulipita.

Someni Kumbukumbu la Torati 25. Amaleki, adui aliyewashambulia Waisraeli njiani, hakuwapiga waliokuwa mbele na Musa. Aliwavizia walio nyuma, waliodhoofika, waliochoka. Mungu aliukasirikia ukatili ule hata akaamuru usisahauliwe. Joto nalo hupiga mkia wa msafara. Na baba zangu, nani ameuacha mkia huo peke yake?

Tunawaona. Mzee anatangulia hatua hamsini, anafika kwenye mti, anakaa, anakunywa, anapumua. Mama anafika akihema, mzee anasimama, "haya, twende". Yeye amepumzika dakika kumi. Mama hajapumzika hata moja. Rudieni hivyo mara sita asubuhi moja, kisha mshangae kwa nini mama ameanguka! Baba, ofisi ulikabidhi. Huyu si karani wako wa kumhimiza. Mwache atangulie, yeye ndiye apange mwendo, wewe kaa nyuma yake na mzigo mzito uubebe wewe. Muda wa kupumzika uhesabiwe tangu anapokaa wa mwisho kufika. Mkishindwa kuongea sentensi nzima bila kuhema, mnakwenda mbio mno. (Nyumba nyingine mama ndiye mwepesi na baba ndiye mwenye magoti mabovu. Neno ni lile lile.)

Na mama zangu, acheni kusema "sijambo" huku kichwa kinawagonga. Uvumilivu wa namna hiyo hamkuagizwa na Bwana. Semeni mapema, mkiwa bado mna nguvu za kurudi.

Mwenzako akinyamaza ghafla, akijikwaa penye tambarare, akisikia baridi juani, au akijibu lisiloulizwa, safari imekwisha. Kivulini, legeza nguo, lowesha kanga umfunike, mpepee bila kuacha. Akiwa timamu, mpe maji kidogo kidogo. Akiwa amechanganyikiwa usimnyweshe kitu, atapaliwa. Endelea kumpoza hata mkiwa njiani kwenda hospitali.

Mengine ni kwa kifupi. Msilale kwenye korongo kavu, mvua ya mbali hulijaza usiku. Jiko la mkaa lisiingie garini kamwe, hata likiwa limebaki majivu ya moto. Hewa yake haina harufu na huua waliolala. Mkipita penye nyasi ndefu, simameni mara kwa mara mtazame chini, kwa sababu nyasi kavu zikikwama kwenye bomba la moshi gari huwaka. Penye mchanga shusheni upepo wa tairi, mfano kutoka psi 36 hadi kama 20, mwende taratibu, na mjaze tena kabla ya lami. Nguo za bluu iliyokolea na nyeusi huita mbung'o. Katavi hamtembei bila askari mwenye silaha, wala hamlali popote mnapopapenda.

La mwisho, na hili baba watanisamehe. Kama anayejua kuendesha gari hilo ni mmoja tu, na huyo ndiye aliyeanguka, madumu matatu hayatawarudisha. Mama ajue kuliwasha, kulirudisha nyuma, kushusha upepo wa tairi, na jeki inakaa wapi. Mafunzo yafanyike kabla hamjaondoka, tena kwa sauti ya upole. Uwanja wa kanisa uko wazi Jumamosi mchana.