Mto Malagarasi ni mkubwa kwa umri kuliko Ziwa Tanganyika lenyewe

Jamani mimi nimezaliwa Kigoma na miaka yote nilikua najua ziwa ndo mama wa kila kitu huku, kumbe Malagarasi ulikuepo kabla. Zamani mto ulikua unakwenda moja kwa moja mpaka Kongo, halafu ardhi ikaanza kupasuka na kuachana, kipande cha katikati kikadidimia taratibu kwa mamilioni ya miaka, maji yakajaa, ndo Tanganyika hiyo, mto ukakatwa njiani. Ushahidi mzuri ni samaki, maana kuna aina ziko Malagarasi na ziko mto Kongo lakini ziwani hazipo. Nikiwaza hilo nasisimka kabisa.

Na huo ufa sio wa mchezo. Kina cha ziwa kinafika kama mita 1,470, duniani tunapitwa na ziwa Baikal tu kule Urusi, na kwa vile uso wa ziwa uko mita 770 hivi juu ya bahari, basi chini kabisa ni karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari! Pembeni mwa ufa nako ardhi ikanyanyuka, ndo maana milima ya Mahale inapanda ghafla toka majini hadi kilele cha Nkungwe, mita 2,462.

Ukitoka Tabora na treni, kaa dirishani ukikaribia Uvinza. Maji ya mto Ugalla yanaingia humo humo Malagarasi, na chumvi ya Uvinza inatoka kwenye chemchemi za ardhini, watu wameichemsha karne na karne.