Mbalamwezi Ambayo Haikuwapo

Mara ya kwanza mzee yule kunieleza habari yake tulikuwa tumeketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa mchangani pale Kibirizi, mjini Kigoma, asubuhi, akina mama wakitandaza dagaa juani. Alisema kwamba usiku wa tukio mtumbwi mwingine uliwasogelea, mtu mmoja akainuka, nyavu zikakatwa, na sauti iliyotukana ilikuwa ya jirani aliyegombana naye juma lililotangulia. Hakutaja zaidi ya hapo. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu niapishwe kuwa wakili, na nilifahamu kwamba Mahakama itauliza habari ya mwanga, kwa hiyo nikamwuliza, "Mzee wangu, si palikuwa na mwanga wa mwezi kidogo?" Akanyamaza, akalitazama ziwa, kisha akasema, "Huenda ulikuwapo, mwanangu." Nikaandika kwenye daftari langu: mwanga wa mwezi.

Miezi mitano baadaye shauri letu la fidia lilipoitwa, mzee alipanda kizimbani, akaapa, na akaeleza kwa sauti thabiti kwamba mbalamwezi ilikuwa imetanda kama mchana na kwamba alimwona jirani yake uso kwa uso, kisu mkononi. Wakili wa upande wa pili, dada msomi ninayemheshimu hadi leo, alisimama na kuuliza swali moja tu la dodoso: "Shikamoo, mzee wangu. Naomba unisaidie. Siku za mbalamwezi ninyi huingia ziwani kuvua dagaa?"

Kila mtu aliyekuwamo katika chumba kile alizaliwa au ameishi Kigoma, na kila mtu alielewa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa wakati wa giza, kwa kuwa taa huwavuta samaki pale tu ambapo hakuna mwanga mwingine unaoshindana nayo. Mwezi ukipevuka, mitumbwi hupumzika ufukweni na wavuvi hushona nyavu. Mzee alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akajibu, "Hapana, mwanangu." Shauri letu liliishia hapo, ingawa hukumu yenyewe ilisomwa baadaye.

Nimelifikiria jambo lile kwa miaka mingi, na sina shaka kwamba mzee hakusema uongo. Nyavu zake zilikatwa kweli. Mwezi nilimpa mimi, kwa swali langu, naye akauhifadhi kwa nia njema, na kila alipoisimulia habari ile kwa mkewe na kwa wanawe mwezi ule ulizidi kung'aa.

Baadaye nilipoanza kusoma saikolojia ya ushahidi ndipo nilipokutana na jaribio la Elizabeth Loftus na John Palmer lililochapishwa Marekani mwaka 1974. Waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza mwendo wa magari hayo, wakibadilisha neno moja tu katika swali. Walioulizwa kwa neno la kawaida la kugongana walikadiria kwa wastani maili 34 kwa saa, na walioulizwa kwa neno zito zaidi, lenye maana ya kubamizana na kupondana, walikadiria zaidi ya maili 40. Katika jaribio la pili waliwaita watazamaji baada ya juma moja na kuwauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu havikuwamo vioo vilivyovunjika, lakini watu 16 kati ya 50 wa kundi la neno zito walisema waliviona, dhidi ya 7 kati ya 50 wa kundi la neno la kawaida. Nilipoisoma taarifa ile nilifunga kitabu na kutoka nje. Niliuona mwezi wangu mle ndani.

Sheria yetu haikuwa imelala katika jambo hili. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika rufani ya mtu aitwaye Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980, ilielekeza kwamba ushahidi wa utambuzi wa macho usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kumkosea mtu uwe umeondolewa, na ikataja mambo ya kuulizwa: shahidi alimwangalia mtuhumiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, katika mazingira gani ya mwanga, na kama alikuwa anamfahamu kabla. Kila wakili nchini anaikariri hukumu hiyo. Hatari yake, kwa maoni yangu, haimo katika hukumu yenyewe, ambayo ni ya hekima kubwa, bali katika namna sisi mawakili na wapelelezi tunavyoigeuza kuwa orodha ya kumjazia shahidi. Tukishajua kwamba Mahakama inataka mwanga, umbali na muda, tunakwenda kwa shahidi tukiwa na nafasi tatu tupu za kujaza, naye, kwa adabu na kwa hamu ya kutusaidia, anatujazia.

Wala uhakika wa shahidi hautuokoi. Huko North Carolina, Ronald Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka 10 kwa sababu mwanamke aliyebakwa, ambaye alijitahidi kwa makusudi kuukariri uso wa mshambuliaji wake, alimtambua mahakamani kwa uhakika kamili. Mwaka 1995 vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba mhalifu alikuwa mtu mwingine. Kinachotisha ni kwamba uhakika huo ulikua kadiri mchakato ulivyoendelea, kwa sababu kila aliyemwambia mwanamke yule kwamba amechagua vizuri aliongeza kidogo juu yake. Hapa kwetu pia, anayesimamia gwaride la utambulisho, ambamo shahidi humchagua mtuhumiwa kati ya watu waliopangwa mstari, anaweza kuacha alama katika kumbukumbu ya shahidi kwa kutikisa kichwa tu.

Linafuata suala la kumtazama shahidi usoni. Tumefundishwa kwamba hakimu anayesikiliza shauri ana fursa ambayo mahakama ya rufani haina, yaani kuona mwenendo wa shahidi anapozungumza, na fursa hiyo ipo kweli. Hata hivyo, uchambuzi wa Charles Bond na Bella DePaulo wa mwaka 2006, uliokusanya tafiti nyingi, uligundua kwamba watu hutofautisha ukweli na uongo kwa usahihi wa takribani asilimia 54, jambo ambalo halipishani sana na kurusha shilingi. Katika mkoa huu kijana aliyelelewa vizuri huinamisha macho mbele ya mkubwa. Nimeona kijana wa namna hiyo akiandikiwa kwamba alikuwa "akikwepa macho ya Mahakama", na moyo wangu uliuma, kwa sababu alikuwa akifanya kile alichofunzwa na bibi yake.

(Upo pia utafiti maarufu wa mwaka 2011 kuhusu majaji wa Israeli, unaodai kwamba wafungwa walioomba kuachiwa mapema mwanzoni mwa kikao walikubaliwa kwa takribani asilimia 65 na kwamba kiwango kilishuka hadi karibu na sifuri kabla ya mapumziko ya chakula. Wenzangu wanapenda kuutaja. Mimi siutumii, kwa kuwa wengine walionyesha upesi kwamba mpangilio wa mashauri haukuwa wa kubahatisha, na wafungwa wasio na mawakili mara nyingi waliwekwa mwishoni mwa kikao.)

Sasa teknolojia imeingia katika kazi hii, na ninaipokea kwa shukrani. Anayesema kwamba mifumo ya kompyuta haijaleta haki karibu hakuishi Kigoma wakati ambapo jambo la Mahakama Kuu lilimaanisha kupanda treni kwenda Tabora, kulala njiani, na kukuta shauri limeahirishwa. Tangu kanuni za kuwasilisha nyaraka kielektroniki zilipotolewa mwaka 2018, ninaweza kufungua shauri nikiwa ofisini kwangu mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, saa 4 usiku na likahesabika la siku hiyo, ilimradi mtandao usikatike. Kanuni za mwaka 2021 zimeruhusu kusikilizwa kwa mashauri kwa vidio, na shahidi aliyehamia mbali halazimiki tena kulipiwa nauli ya siku mbili. Hukumu ambazo zamani zilifungiwa katika kabati za mawakili wakubwa sasa zinasomwa bure na yeyote kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Mwaka huohuo wa 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, na Mahakama imeanza kutumia mfumo wa akili unde (AI) unaonakili maneno ya chumba cha mahakama na kuyatafsiri. Kwa hakimu aliyekuwa akiandika kila neno kwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi, hiyo ni nafuu kubwa. Mashaka yangu ni juu ya ukimya tu: mashine itayanakili maneno "huenda ulikuwapo", lakini sijui nani atakayeandika kwamba kabla ya maneno hayo mzee alilitazama ziwa.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni kwamba mashine nayo imejifunza kujaza nafasi tupu. Mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili wa shauri la Mata dhidi ya kampuni ya ndege ya Avianca, kwa sababu waliwasilisha hoja zilizotaja hukumu ambazo ChatGPT, programu ya akili unde, ilizitunga, zenye majina ya wadaawa, namba na hata nukuu. Kijana tunayefanya naye kazi aliniletea rasimu ya hoja za rufani iliyotaja uamuzi wa Mahakama ya Rufani uliotufaa kabisa. Ulitufaa mno, na hilo ndilo lililonishtua. Tulitafuta pamoja kwenye TanzLII, tukaikuta namba ile ni ya shauri jingine la mirathi lisilohusiana na letu. Aliona aibu sana. Nilimsimulia habari ya mzee wa Kibirizi, kwa kuwa kosa lake na langu ni moja: tulimwuliza asiyejua kwa namna iliyomdokeza jibu tulilolitaka, tukapewa jibu hilohilo kwa sauti ya uhakika.

Na pale mashine inapotoa ushahidi yenyewe, binadamu huikubali upesi kuliko anavyomkubali binadamu mwenzake. Nchini Uingereza wasimamizi zaidi ya 900 wa matawi ya posta walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015, wengi kwa sababu mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Kanuni ya huko ilichukulia kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa hadi atokee wa kuonyesha vinginevyo, na msimamizi wa posta kijijini angeonyeshaje? Mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu za mamia yao. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Ndiyo maana ninapoletewa karatasi za miamala ya simu au picha za mazungumzo ya WhatsApp zilizochapishwa, husisitiza yale ambayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inayataka: taarifa ilizalishwaje, ilihifadhiwaje, nani aliituma, na ukamilifu wake ulilindwaje. Mahakimu wengine huniona ninawachelewesha. Nakubali lawama hiyo.

Juu ya siri za wateja nitasema kwa ufupi, kwa kuwa jambo lenyewe ni wazi: tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila hiyo, maelezo ya mteja hayabandikwi katika programu ambayo hatujui inayapeleka wapi.

Juma lililopita nilikwenda Katonga kumwona shahidi, mama muuza mawese, katika shauri la mpaka wa kiwanja. Niliomba ruhusa ya kurekodi kwa simu, nikaiweka juu ya mkeka kati yetu, nikasema, "Mama, shikamoo. Naomba unieleze." Alianza na mazishi ya baba mkwe wake, akapita kwenye bei ya mawese, akaamka kwenda kuepua chungu, akarudi. Mara mbili swali lilinijia mdomoni kuhusu mti wa mwembe ulioko mpakani, na mara mbili nililimeza. Ilipofika dakika ya 40 akasema, bila kuulizwa, kwamba hakuwahi kuona mwembe pale. Palikuwa na mchikichi, nao ulianguka mwaka alipojifungua mtoto wake wa tatu. Sijui kama hilo litatusaidia au litatuangusha, ila limo kwenye rekodi kwa maneno yake mwenyewe.