Jopo la Sebuleni

Neno la wiki: 1 Wafalme 19:9–18

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alilala kwetu akiwa njiani kwenda Dodoma kwenye usaili. Ule wa mchujo, wa kuandika, alikuwa ameshauvuka. Sasa ameitwa kwenye mahojiano, kule kukaa mbele ya watu watatu au wanne wenye kalamu mkononi, wasiocheka. Alikuja na begi moja, suti ya kuazima iliyomzidi mabega, na bahasha ya kaki yenye vyeti halisi ambayo hakuiachia hata alipokwenda kunawa mikono. Tulipomaliza kula nikamwona anazunguka sebuleni huku midomo inacheza, kama mtoto aliyepewa shairi la kukariri. Mke wangu akasema, "Jamani, si tumfanyie mazoezi?"

Basi tukaunda jopo. Mwenyekiti akawa kitinda mimba wetu wa darasa la tatu, aliyejivika miwani ya bibi yake ikawa inamteleza puani. Mama yangu, bibi mwenyewe, akakaa kulia kwake. Msailiwa tukamweka kwenye kiti cha plastiki katikati ya chumba.

"Shikamooni," akaanza.

"Marahaba," akaitikia mwenyekiti wa miaka tisa, kwa uzito wote.

Jieleze kwa ufupi. Kijana akatiririka: amezaliwa wapi, kasoma wapi, kamaliza mwaka gani, kompyuta anaijua, Kiswahili na Kiingereza anazungumza kwa ufasaha. Hapakuwa na uongo hata chembe. Lakini mimi nilikuwa namwangalia mama yangu, aliyemlea huyu tangu anatambaa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetambulishwa kwa mgeni.

Likafuata lile swali ambalo hakuna jopo linaliacha: udhaifu wako ni upi?

"Udhaifu wangu," akasema akinyoosha tai, "ni kwamba huwa nazama kwenye kazi mpaka nasahau kula."

Mama akaangua kicheko hadi akashika mbavu. "Wewe? Usahau kula? Si wewe uliyemaliza nyama ya watu sasa hivi?"

Tulicheka sote, na yeye akacheka. Jibu lile hata si lake, kila mtafuta kazi analo mfukoni: udhaifu uliopigwa pasi mpaka ukawa sifa. Na kanisani tunalo la kwetu. "Niombeeni, ninajitoa mno kwa huduma hata najisahau." Farisayo wa Luka 18 alisimama hekaluni akasoma wasifu wake mbele za Mungu, kufunga mara mbili kwa juma, zaka katika mapato yote. Mtoza ushuru alikuwa na mstari mmoja tu.

Tukabadilishana viti. Zamu yangu ilipofika nikajiambia, ngoja niwaonyeshe hawa watoto namna mtu mzima anavyojibu. Udhaifu wangu, nikasema, ni huruma. Mtu akiniomba kitu, kukataa siwezi.

Mke wangu hakuinua macho kwenye karatasi yake. "Mtu gani? Taja wa mwisho aliyekuomba ukampa."

Nikamtaja mwenzangu wa kazini niliyemkopesha, na rafiki niliyemchangia harusi.

"Na humu ndani?"

Kiti cha plastiki kina mlio wake mtu anapojigeuza. Binti yetu mkubwa alikuwa ameniomba tangu mwezi uliopita nimsaidie hesabu jioni, na kila jioni nilikuwa nimechoka. Hakusema neno. Alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, anachuma uzi wa mkeka.

Tangu usiku ule namsoma nabii Eliya kwa jicho jingine. Amemkimbia Yezebeli, amepita Beer-sheba, ametembea siku arobaini mchana na usiku hadi Horebu, akaingia pangoni akalala. Neno la Bwana linamjia kama swali: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Naye anajibu vizuri sana. Anasema ameona wivu mwingi kwa ajili ya Bwana, kwamba Israeli wameyaacha maagano, wamevunja madhabahu, wamewaua manabii kwa upanga, naye amesalia peke yake, na roho yake wanaitafuta. Kisha upepo wa nguvu unapita, tetemeko linapita, moto unapita, na baada ya moto sauti ndogo, ya utulivu. Eliya anajifunika uso kwa vazi lake, anatoka, anasimama mlangoni mwa pango. Anaulizwa swali lile lile. Sasa linganisheni mstari wa 10 na wa 14. Anatoa jibu lile lile, karibu neno kwa neno.

Miaka yote nimeupita mstari huo nikidhani ni mtindo tu wa waandishi wa kale kurudia. Sasa naona mpwa wangu na tai yake. Mtu akitembea siku arobaini peke yake, nadhani sentensi zake zinakuwa laini kama mpini wa jembe la zamani. Ameshajieleza kwa mawe na kwa vichaka vyote vya njiani. Hata milima ikipasuka mbele yake, akiulizwa, ulimi unakwenda pale ulipozoea.

Na jibu lenyewe lilikuwa na tundu. Rudini sura moja nyuma, 18:13. Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu, alimwambia Eliya kwa kinywa chake kwamba amewaficha manabii mia pangoni, hamsini hamsini, akawalisha chakula na maji. Kwa hiyo Eliya alijua. Alikuwa anajua habari za mapango mengine yenye watu, na bado, akiwa ndani ya pango lake, akasema "mimi peke yangu". Simhukumu. Mimi nilikuwa na mtoto kwenye mkeka, hatua mbili kutoka nilipokaa, na nikasema kukataa siwezi.

Angalieni pia Mungu anavyolipokea jibu lile. Hamkemei, wala hamwulizi mara ya tatu. Anampa kazi: arudi njia ya jangwa la Dameski, amtie mafuta Hazaeli, amtie mafuta Yehu, na Elisha mwana wa Shafati awe nabii mahali pake. Halafu mwishoni, kama mtu anayetaja jambo dogo mlangoni, anamwambia wako elfu saba katika Israeli ambao hawakumpigia Baali goti.

Ukianza kuutazama hivi, usaili umejaa katika Biblia. Yakobo mnamjua. Baba yake asiyeona alimwuliza yeye ni nani, akajibu ni Esau, na kwa cheti akatoa mikono iliyovikwa ngozi za mbuzi. Sisi tunaokumbuka mwaka 2017, watumishi wa umma 9,932 walipotajwa kwa vyeti vya kughushi, tujue mchezo huo ni wa siku nyingi. Miaka mingi baadaye, kwenye kivuko cha Yaboki, akaulizwa tena jina lake. Safari hii akasema Yakobo. Alibarikiwa pale, tena akaondoka anachechemea.

Musa naye ndiye msailiwa pekee ninayemjua aliyetumia muda wote kueleza kwa nini asipewe kazi.

Na wadhamini? Kwenye maombi ya kazi unaandika watatu, watu wanaokufahamu. Yusufu gerezani alikuwa na mmoja tu, mnyweshaji wa Farao, naye alipotoka akamsahau. Miaka miwili mizima ikapita. Vijana wetu wanajua hali hiyo. Siku hizi ukifaulu usaili na nafasi hakuna, unawekwa kwenye kanzidata, unasubiri. Yusufu alikuwa kwenye kanzidata. Mimi swali la wadhamini ndilo lililoninyima usingizi kuliko hata lile la udhaifu. Nimezoea kuwaza mchungaji, mzee wa kanisa, bosi. Je, nikiambiwa niandike dada wa kazi, bodaboda anayenibeba kila asubuhi, na yule ninayemdai?

Wiki hii kwenye jumuiya naomba tujaribu. Andikeni maswali kwenye vikaratasi, tieni kwenye bakuli, kila mmoja achukue moja. Kwa nini uliondoka mahali pa kwanza? Ulipogombana na mwenzako ulifanyaje? Kwa nini tukuchukue wewe? Sharti ni moja: jibu ambalo umeshawahi kulitoa mahali pengine halihesabiki, na jopo lina ruhusa ya kuuliza mara ya pili. Mchekeni mtu kwa upendo. Wanandoa ambao wiki hii hawasalimiani wasikae jopo moja, nawaomba sana. Hicho kiti kinaweza kugeuka kizimba.

Na mwombeeni mpwa wangu. Aliondoka alfajiri na basi la kwanza, suti imekunjwa kwenye mfuko, bahasha kifuani. Hadi leo majina ya kuitwa kazini hayajatoka. Aliponipigia jioni ile aliniambia walimwuliza udhaifu wake, akanyamaza kidogo, kisha akasema huwa anaogopa kuuliza jambo asilolijua, na imeshamgharimu. "Mmoja wao akainua kichwa, mjomba," akasema. Zaidi ya hapo hajui.

Usiku ule wa mazoezi wa mwisho kukaa kitini alikuwa mama yangu. Alikataa, akabembelezwa, akaketi, akaweka mikono mapajani. Mwenyekiti akasukuma miwani juu, akasoma swali lake kwa sauti ya shule:

"Unajiona wapi baada ya miaka mitano?"

"Miaka mitano?" Mama akacheka taratibu. "Mjukuu wangu, mimi najiona pale chini ya mwembe, pembeni ya babu yako."

Hakuna aliyesema kitu. Mke wangu akaweka kalamu chini. Mwenyekiti akatazama karatasi yake, akaona limebaki moja, akaendelea kama kazi inavyotaka.

"Je, una swali lolote kwa jopo?"

"Ninalo," mama akasema. "Miwani yangu mnanirudishia saa ngapi? Sijasoma neno la jioni."