Sahani za chaza za Vallauris: zimetakata bila klorini

Kila niliyemwonyesha sahani hizi za Vallauris, mji wa wafinyanzi kusini mwa Ufaransa, na madoa yake ya kahawia, alinipa shauri moja: "Ziloweke kwenye klorini, zitatoka nyeupe pe!" Mama mwenye nyumba wetu hapa Nice kasema hivyo, shangazi naye kwa simu kutoka Mombasa kasema vivyo hivyo. Shangazi sikumbishia. Nilikuwa na kigae cha sahani iliyovunjika, nikakiloweka hicho. Doa lilififia, kweli, lakini kilipokauka chumvi nyeupe ikachomoza kwenye nyufa na rangi ya juu ikaanza kubanduka. Nikampelekea picha. Akajibu: "Basi hukusuuza, mwanangu."

Nilizipata kwenye soko la Cours Saleya hapa Nice, Jumatatu, siku ambayo wauza maua huwapisha wauza vikuukuu. Ni za miaka ya 1950 au 1960: samaki na mwani wa kuchomoza, vishimo vya chaza pembeni, kimoja cha limau katikati. Muuzaji alianza na Picasso, yule mchoraji maarufu, eti ni kazi yake. Picasso alifinyanga Vallauris kweli, kwenye karakana ya Madoura, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, ila kazi zake zilizotolewa kwa wingi hupigwa mihuri ya Madoura na "Edition Picasso". Nikaigeuza sahani. Chini pameandikwa "Vallauris" tu, yaani jina la mji, nao ulijaa karakana. Sikusema neno. Nikawa nazigonga kwa ukucha, moja baada ya nyingine, sikio nimelitega kama mganga. Nzima hulia nging'. Yenye ufa hutoa sauti butu. Kila ikitoka sauti butu namtazama usoni. Alipochoka kutazamwa, Picasso alikuwa keshasahaulika na bei imeshuka hadi chakula cha mchana cha watu wawili.

Sasa madoa ya kahawia. Udongo wa sahani hizi hunywa. Ukiipaka dawa ikiwa kavu, uchafu unazama nayo ndani, ndiyo maana watu wanalalamika doa limehama tu. Kwanza nilizinywesha maji safi usiku kucha zikashiba. Ndipo nikazifunika kwa pamba iliyolowa hidrojeni peroksaidi ya duka la dawa, nikazizungushia plastiki ya jikoni isikauke. Vaa glavu. Pamba hugeuka rangi ya chai, unabadilisha, unarudia. Zile sugu zilinichosha wiki kadhaa, lakini zimetakata.

Wauzaji hawakuambii kwamba rangi za vyombo vya zamani huenda zina madini ya risasi, na ndimu au siki huyatoa. Vipimo vinauzwa, pima. Mimi limau naliweka kwenye kibakuli cha glasi juu ya kile kishimo, na chaza hulala ndani ya magamba yao. Mashine ya kuoshea vyombo, hapana kabisa. Pweza wa nazi pia hapakuliwi humo: tui likiingia kwenye nyufa, kazi ya pamba inaanza upya.