Ukishuka Ipogolo, inajichaji?

Swali kuhusu baiskeli yangu ya umeme ni hilo hilo kila wiki, na wanaouliza ni watu wazima wenye akili zao: "Mwalimu, ukishuka mlima inajichaji?"

Ameniuliza konda wa daladala, akaniuliza mama wa njegere pale kona, akaniuliza mchungaji tukiwa bado mlangoni mwa kanisa. Jibu ni hapana. Mota ya baiskeli yangu imo ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, na imefungwa kwa namna ambayo yenyewe inalizungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha yenyewe. Zipo baiskeli za umeme ambazo ukishika breki mota inageuka jenereta. Hata hizo hurudisha kidogo tu, hesabu ya chumvi kwenye sufuria. Yangu ikishuka, kinachopata moto ni raba za breki basi.

Kwa asiyeijua Iringa: mji uko juu. Barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inapita chini bondeni, kando ya Mto Ruaha Mdogo. Katikati ni mlima wa Ipogolo. Mimi naishi chini, shule ninayofundisha iko juu, upande wa Gangilonga. Miaka kumi na tisa sasa.

Marehemu baba alikuwa na Phoenix nyeusi, keria ya chuma, kengele inayosikika hadi ng'ambo ya mto. Sikumbuki hata siku moja kumwona akipandisha Ipogolo akiwa juu yake. Alishuka kwenye baiskeli mlima unapoanza, akaikamata usukani na siti, akasukuma hadi juu, ndipo akapanda tena kuingia mjini kama bwana. Kwa hiyo baiskeli ilimbeba kushuka, yeye akaibeba kupanda. Nikiwa mtoto nilidhani ndivyo baiskeli zote duniani zilivyo.

Mimi nafundisha fizikia, mnisamehe, lazima nipige hesabu. Mimi kilo 74, baiskeli kilo 24, mkoba wa madaftari kilo 7. Jumla 105. Mtu wa kawaida asiye mwanamichezo anaweza kutoa wati kama 100 kwa miguu yake kwa muda bila kuzimia. Kwenye mwinuko wa mita sita kwa kila mita mia, wati 100 zinanipa kama kilomita 5.8 kwa saa, na hapo sijahesabu msuguano. Mtu anayetembea haraka ananipita huku ananisalimia kamwene. Ndiyo maana baba alishuka. Hakuwa mchovu wala mzembe. Mlima ulikuwa umemshinda kwa hesabu. Niongezee wati 150 za mota, napanda kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa na pumzi inabaki ya kumjibu anayeniuliza kama inajichaji.

Sasa kelele. Kelele kubwa zaidi zinatoka kwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ambaye ni bodaboda kituo cha pale chini. Yeye ameipa jina: pikipiki ya woga. "Shem, kama unataka mota, nunua mota. Kama unataka mazoezi, kanyaga. Hicho ni kitu gani, hakina namba wala hakina jasho?"

Jasho lipo. Yangu ina kihisi kwenye pedali, usipokanyaga haiendi. Nikifika shule mgongo umelowa kidogo, si kama zamani nilipojaribu baiskeli ya kawaida na kuingia kipindi cha kwanza nimekaa kama nimetoka kisimani. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa miji saba ya Ulaya, London na Barcelona zikiwemo, ukaonyesha kwamba wenye baiskeli za umeme hawapungukiwi sana mazoezi wakilinganishwa na wa baiskeli za kawaida, kwa sababu wanakwenda mbali zaidi. Nilimsomea shemeji. Akasema Barcelona hakuna Ipogolo.

Lakini la namba nampa haki yake. Mpaka kati ya baiskeli na pikipiki hauchorwi na macho. Ulaya wameamua mota isizidi wati 250 na msaada wake ukome ukifika kilomita 25 kwa saa. Ukivuka hapo, mbele ya sheria huna baiskeli tena. Marekani majimbo mengi yamekwenda hadi wati 750, yaani karibu nguvu-farasi moja nzima. Hapa mjini nimeshaona kijana na chombo chenye pedali za kuzugia, anazungusha mkono kama wa pikipiki, anapita katikati ya watoto wa shule hata kengele hapigi, na hakina mlio. Hicho mimi mwenyewe siiti baiskeli. Pikipiki angalau unaisikia inakuja.

Tuje kwenye pesa, maana ndiko wengi wanakokimbilia. Niliinunua iliyotumika, kwa mtu wa Dar, milioni moja na laki mbili. Betri ni ya volti 36 na ampea-saa 10, yaani wati-saa 360. Ukiweka na kinachopotea kwenye chaja, kuijaza ni kama uniti 0.42 za LUKU. Mimi niko kwenye ile tarifa ya shilingi 356 kwa uniti, kwa hiyo ni shilingi 150 kujaza, na nikijaza napanda na kushuka siku mbili. Wanaotaja baiskeli hizi mtandaoni huishia hapo: shilingi 150! Wanapiga makofi.

Endeleeni na hesabu jamani. Daladala ni mia sita kupanda, mia sita kushuka. Kwa siku 22 za kazi ni 26,400 kwa mwezi, na kwa miezi kumi ya shule ni 264,000. Miaka minne ya daladala haifiki bei niliyonunulia baiskeli, na bado sijagusa tairi wala betri. Ukilinganisha na bodaboda, hapo ndiyo naokoa, kwa sababu shemeji na wenzake hawapandishi mlima kwa chini ya elfu mbili. Lakini atakayekuambia baiskeli ya umeme ni njia ya mwalimu kuwa tajiri, mwulize anauza ngapi.

Mimi nilinunua kwa sababu ya magoti, na kwa sababu nimechoka kusubiri daladala ijae. Na, nikiri, kwa sababu ya asubuhi ya Juni pale ukungu unapolala juu ya mto na wewe unapanda polepole kuutoka, vidole vimeganda ndani ya glavu za sufu. (Baridi hiyo nayo inapunguza chaji kidogo. Betri za lithiamu hazipendi baridi, kama mimi.)

Kuna kitu sijawahi kukisikia kwenye ubishi huu wa mtaani na ndicho kinachonifurahisha kuliko vyote. Maji yanayopita chini ya daraja karibu na kwangu ni ya Ruaha Mdogo. Yanaenda kuungana na Ruaha Mkuu, yanaingia bwawa la Mtera, yanazungusha mitambo, yanashuka Kidatu yanazungusha tena, halafu yanaingia Rufiji na sasa yanakutana na mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115 zikiwaka zote. Kisha umeme unarudi huku kwa waya, naingiza kwenye betri, napanda Ipogolo. Maji yanashuka ili mimi nipande. Nilipowaambia kidato cha nne walicheka, lakini hakuna aliyekosea swali la ubadilishaji wa nishati katika jaribio lile.

Nayo ina upande wa pili. Mtera ikikauka, tunakaa gizani, na tumeshakaa, tunajua. Wakati wa ule mgao uliovuka kutoka 2023 kuingia 2024 niligeuka mtumwa wa ratiba. Umeme ukirudi saa nane usiku, naamka nachomeka. Na hapo hapo naogopa, maana si vizuri kuchaji betri ya namna hii mmelala. New York peke yake, mwaka 2023, moto uliosababishwa na betri za lithiamu za vyombo vidogo kama hivi uliua watu 18. Nyingi ya hofu hiyo inahusu betri zilizochezewa na chaja zisizo zake. Yangu naichajia jikoni, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mkaa na mapazia, na mama mkwe akija hukaa anaitazama kama ni nyoka.

Sasa niwaambie la mwezi uliopita, ndilo lililonifanya niandike.

Ilianza taratibu. Kioo kinaonyesha chaji imejaa, barabara ya tambarare inakwenda vizuri tu, nikifika mlimani, katikati, pap! Inazima yote. Nikisimama dakika mbili inawaka tena, inaonyesha imejaa. Nikikanyaga, pap. Kilo 24 za baiskeli iliyozima ni mzigo, Phoenix ya baba haikufikia hapo. Nikaisukuma mbele ya wanafunzi wangu waliokuwa wanapanda kwa miguu, wawili wakaja kunisaidia, na mmoja akauliza kwa adabu zote, "Madamu, sasa hii faida yake ni ipi?"

Mara ya tatu kuzima, nilikuwa na mitihani ya kusimamia. Shemeji akapita na abiria wake nyuma. Hakusema neno. Alimfikisha abiria, akageuza, akarudi, akaweka mguu wake kwenye keria yangu na kunisukuma na pikipiki hadi juu. Najua ni hatari, msinifokee. Kufika akanidai soda mbili, moja ya kazi na moja ya kunyamaza.

Muuzaji wa Dar hapokei simu. Mafundi baiskeli wa Mlandege, watu wanaoweza kunyoosha rimu kwa macho tu, walizibadilisha raba za breki, wakakaza spoku, lakini kwenye betri waliinua mikono. Boksi limefungwa kwa gundi, halina hata alama. Na hapa ndipo mimi naweka lawama yangu kwa hizi baiskeli, si kwenye uvivu wala jasho. Phoenix ya baba ilikufa na kufufuka labda mara ishirini pembeni ya barabara, kwa spana na kipande cha tyubu. Hii yangu ni baiskeli kwa fundi hadi unapofika kwenye betri. Kuanzia hapo ni mali ya mtu wa mbali. Betri mpya nimeambiwa laki sita na kusubiri.

Nikampata kijana anayetengeneza simu na betri za laptopu, karibu na soko. Aliniambia kabisa kwamba ya baiskeli hajawahi kufungua. Tulifungua pamoja, mimi nikishika tochi. Ndani kuna seli 40, kila moja kubwa kidogo kuliko betri ya saa ya ukutani, zimepangwa makundi kumi ya nne nne. Akaweka mita kundi moja baada ya jingine na kuandika kwa kalamu ya wino juu ya kipande cha boksi. Makundi tisa: volti 4.1, 4.1, 4.2. Kundi la saba: 3.4.

Nikaelewa kila kitu nikiwa nimechuchumaa pale dukani. Kioo kinasoma jumla, na jumla ilikuwa inaridhisha. Tambarare mota inavuta umeme kidogo, kundi la saba linavumilia. Mlimani inavuta mwingi, kundi la saba linaanguka, na kile kibao cha saketi kinacholinda betri kinaizima nzima ili lisife kabisa. Tisa wazima wanasimamishwa na mmoja mgonjwa.

Kijana alitaka kuchomelea seli nne mpya papo hapo kwa chuma cha moto cha kuyeyushia risasi. Nikamkataza, seli hizi hazipendi joto, na mpya ukizifunga na za miaka mitatu hazitaelewana muda mrefu. Anatafuta mashine ya kuunganisha kwa bati za nikeli, anasema kuna mtu Makambako anayo. Mpaka hapo napanda daladala.

Kile kipande cha boksi nimekiomba. Kesho kidato cha tatu tuna kipindi cha saketi za mfululizo na sambamba, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, na sitachora mchoro wa kwenye kitabu.