Tairi Moja Jipya Lilivyotaka Kunilia Giaboksi

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Mbeya. Gari langu ni Subaru Forester ya 2005, otomatiki ya gia nne, linavuta miguu yote minne, na nililinunua kwa ajili ya ukweni. Ukweni ni Rungwe, juu ya Tukuyu, ambako mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha inapojisikia. Gari letu la zamani, la kuvuta miguu miwili tu, lililala mtaroni mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nimevaa nguo za msibani.

Mwezi wa pili, tukishuka kutoka huko, jiwe likachana ubavu wa tairi la mbele kushoto. Ubavu hauzibwi. Nikafika Mwanjelwa, hapa Mbeya, nikanunua tairi moja jipya la saizi ile ile, 215/60R16, likafungwa, nikaenda zangu. Yale matatu yalikuwa na kashata bado, yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, hayajawa vipara. Ningeyatupa kwa lipi?

Wiki tatu hivi baadaye gari likaanza ugomvi na geti langu. Nikikunja usukani hadi mwisho kwa mwendo wa pole, ni kama kuna mtu kavuta breki ya mkono: linakwama, linaruka kidogo, linakwama tena. Fundi wa kwanza akasema sivi jointi, kile kiungo kinachopeleka nguvu kwenye tairi. Tukabadilisha, nikalipa, ugomvi uko pale pale. Wa pili hata boneti hakufungua. Aliendesha mita hamsini akashuka akasema, "Mama, giaboksi hiyo imekwisha. Tafuta milioni moja na nusu."

Nililala na hiyo milioni na nusu kichwani siku tatu. Kisha mteja wangu mmoja akanielekeza kwa mzee wa Soweto, hapa hapa Mbeya, ambaye kazi yake ni Subaru tu. Mzee alizunguka gari mikono iko nyuma, akainama mbele kushoto.

"Hili umelinunua lini, mama?"

"Mwezi wa pili."

"Na wenzake?"

"Walikuja na gari."

Akaguna. Akafungua boneti, akaninyooshea kijumba kidogo cha fyuzi kimeandikwa FWD, kiko kitupu. Akachomeka fyuzi ya ampia 15. Kwenye dashibodi ikawaka taa yenye herufi hizo hizo. "Sasa kata kona." Nikakata, gari likazunguka laini kama cherehani iliyotiwa mafuta. Alikuwa amekata nguvu ya miguu ya nyuma, gari limebaki linavuta mbele tu. Tatizo basi halikuwa giaboksi nzima. Lilikuwa kwenye zile sahani za klachi zilizo mkiani mwake, zinazopeleka nguvu nyuma.

Nikamwambia sielewi tairi linaingiaje hapo, saizi si ni moja? Akaniambia nilete futi yangu ya cherehani.

Tulipandisha gari kwenye jeki. Futi yangu ni ya sentimita 150 na tairi ni zaidi ya mita mbili, kwa hiyo nilizungusha uzi katikati ya kashata, nikauweka alama, nikaupima mezani kama ninavyopima kiuno. Kati ya tairi jipya na mwenzake wa kulia kulikuwa na tofauti ya sentimita tatu na kidogo! Jipya lilikuwa na kashata za milimita 8, la zamani milimita 3. Milimita tano huzioni kwa macho, lakini ziko pande zote mbili za duara, na duara likishapanuka hivyo mzunguko unakua zaidi ya mara tatu ya hapo. Watengenezaji wa Subaru wanataka mizunguko ya matairi yote manne ipishane kwa milimita 6 tu hivi. Mimi nilikuwa na zaidi ya 30.

Usiku nikapiga hesabu. Kila kilomita tairi la zamani linazunguka mara saba zaidi ya lile jipya. Kutoka Mbeya hadi Tukuyu, kama kilomita 70, ni zaidi ya mara 500. Gari linaona shafti ya mbele na ya nyuma haziendi pamoja hata kwenye lami iliyonyooka, linadhani kuna mguu unateleza, linabana klachi. Zile sahani zinasuguana na kuungua safari nzima. Ni sawa na kushona suruali ambayo mguu mmoja umeukata mrefu: unaweza kuvuta kitambaa ukalazimisha, lakini mshono utalia.

Kwa hiyo matairi manne, ya kampuni moja na kashata za aina moja. Nasikia huko Marekani kuna mashine za kunyoa tairi jipya lilingane na yaliyochakaa. Mwanjelwa ukiomba unyolewe tairi jipya utaulizwa umekunywa nini.

Kwanza nilikwenda kwenye mtumba wa Japani, kwa sababu bei ilinivuta na muuzaji aliapa manne yametoka gari moja. Uzi wangu ulikubaliana naye. Ila ubavuni paliandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya theluji, mpira wake umetengenezwa laini kwa baridi kali, na kwenye lami ya joto yanaisha kama kifutio. Mbeya kuna baridi, sawa, lakini mimi hushuka Dar kufuata vitambaa.

Duka la pili yalikuwa mapya kabisa, yana vinyweleo. Nikatafuta zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: mbili za kwanza ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho mwaka. Matatu yalikuwa ya mwaka jana, moja lilikuwa limekaa miaka mitano. Kijana akanishangaa: "Dada, tairi halina ekspaya." Duka la tatu walinishawishi nichukue 225, yaani pana zaidi, "lijaze rimu". Nikakataa. Nilishikilia 215/60R16 95H, ile 95 ikiwa na maana kila tairi linabeba kilo 690, na ukweni hatushuki bila ndizi. Ya kashata kubwa za matope niliyatamani sana, lakini sehemu kubwa ya maisha ya gari hili ni lami, na mlio wake barabarani siuwezi. Nikachukua ya kawaida yenye mifereji mipana ya kutoa maji. Yalinigharimu laki nane na ushee.

Ugomvi wa geti haukuisha siku hiyo. Mzee alimwaga oili ya giaboksi, ilikuwa nyeusi, akaweka mpya, akairudia baada ya wiki mbili. Ndipo ukaisha.

Sasa kila kilomita 10,000 nahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, ili yachakae pamoja, na upepo najaza kwa kibandiko cha mlango wa dereva, si kwa wanavyonikadiria vijana wa kituo. Lile tairi la Mwanjelwa nimelifanya spea. Likilazimika kufungwa, nachomeka fyuzi kwanza, halafu naendesha pole hadi kwa wa pancha. Fyuzi yenyewe naiweka kwenye kopo la vifungo chini ya kiti, na mume wangu kashaitupa mara moja akidhani ni kifungo kilichovunjika.