Nilivyovipima vigunduzi vya uvujaji wa mafuta

Kigunduzi cha kawaida, kisicho cha elektroniki, kinachofungwa kwenye pampu ya tanki la kituo cha mafuta hakina taa wala kengele. Pampu ikiwashwa, kigunduzi hupitisha mafuta kidogo kwanza. Bomba likiwa zima, shinikizo hupanda na njia hufunguka yote ndani ya sekunde chache. Bomba likivuja, shinikizo halipandi, na mteja anaona mafuta yanatoka kwa kusuasua. Kusuasua huko ndiyo kengele yenyewe.

Nilikabidhiwa vinne vilivyotolewa vituoni, pamoja na kimoja kipya cha kulinganishia, nivipime kwenye maabara yetu ndogo hapa Dar es Salaam. Nilifuata kipimo cha kanuni za Marekani za mwaka 1988: kigunduzi kiutambue mvujo wa galoni 3 kwa saa, kwenye shinikizo la psi 10, ndani ya saa moja. Hizo ni mililita 189 kwa dakika. Mvujo wa namna hiyo unautengeneza kwa koki ndogo, geji, silinda ya kupimia na saa. Unashikilia psi 10, unakaza na kulegeza koki mpaka silinda isome 189. Niliurudia kuupima kila asubuhi, maana koki ikiingia uchafu mvujo hupungua, na kigunduzi kizima kinaonekana kimeukosa.

Kipya ndicho kilichonitoa jasho. Bomba halikuwa na tundu hata moja, lakini zaidi ya dakika nzima ilipita bila kufunguka. Niliandika "kibovu" daftarini, kisha nikabadilisha geji, nikabadilisha pampu, hali ikawa ileile. Kijana ninayefanya naye kazi, aliyewahi kuwa fundi wa breki, akaniuliza, "Kaka, upepo umetoa?"

Sikuwa nimetoa. Kwenye kona ya juu hewa ilikuwa imejikusanya, na yale mafuta kidogo ya mwanzo yaliishia kuibana hewa badala ya kupandisha shinikizo. Mpira mrefu niliouunga mwishoni nao ulikuwa unatanuka. Tukaweka koki ya kutolea hewa kwenye kona, mpira tukaubadilisha kwa bomba la chuma. Kikafunguka kwa sekunde tatu. Nikafuta lile neno.

Kimoja kati ya vile vinne kilikuwa cha elektroniki, ambacho hutafuta hata mvujo wa lita 0.38 kwa saa. Hapa adui ni joto. Bomba letu la inchi 2 lilibeba lita 60 hivi za dizeli, na kiasi hicho kikipoa kwa nyuzi 1 hupungua karibu mililita 50. Jioni, chini ya mabati yanayopoa, kilipiga kelele pasipo mvujo. Saa sita mchana kikanyamaza huku mvujo nimeufungua mwenyewe, kwa kuwa dizeli iliyokuwa ikitanuka ilijaza pengo. Hilo la mchana liliniogopesha zaidi. Tulilifukia bomba lote mchangani, na kila jaribio likasubiri usiku kucha dizeli ituame.

Halafu nikajitoa kwenye koki. Kijana alirusha sarafu kuamua kama afungue mvujo au aache, mimi nikasoma kigunduzi nikiwa nimempa mgongo. Ukijua jibu, jicho hulitafuta.

Kigunduzi cha tatu kilifunguka kila mara, mililita 189 zikimwagika. Nilipokichomoa, pistoni ilikuwa imegandishwa na utando wa mafuta ya zamani. Kanuni zilezile zinataka kipimwe kila mwaka; kwenye kumbukumbu zake sikukuta kipimo hata kimoja. Nyuma ya ukuta wa kituo kilikotoka kuna kisima, majirani wanachota maji ya kunywa. Nilimpigia mwenye kituo saa hiyohiyo, nikamwomba asiwashe pampu ile. Kesho yake tulilipima bomba lake kwa shinikizo kuanzia asubuhi. Geji haikushuka.